Flashi ya Badiru

Siku hiyo umeme ulikatika Busia nzima, na kila mwenye simu inayokaribia kuzima alikimbilia hotelini kwa Benedeta, kwa kuwa jenereta yake ilikuwa na tabia njema ya kuwaka bila kutukanwa. Hoteli yenyewe ilikuwa banda la mabati kando ya yadi ya malori. Madereva waliosubiri karatasi zao za forodha walishinda humo wakila posho, ugali wa huko, na samaki, huku nje boda boda zikipiga honi na wabadilisha pesa wakiita wateja kwa lugha tatu kwa mpigo.

Rehemah alikaa kwenye kona karibu na soketi. Alivaa dera la zambarau na mtandio wa rangi ya maziwa, na mbele yake kulikuwa na laptopu nene nyeusi yenye vitufe vinavyowaka rangi nyekundu. Ilikuwa laptopu ya gemu, ya mkono wa pili, nzito kama tofali. Aliinunua kwa sababu kuhariri video za harusi kunataka mashine yenye nguvu, na nusu ya harusi za Waislamu wa mji ule zilipita mikononi mwake. Lakini saa hiyo hakuwa akihariri harusi. Alikuwa akirudisha trela nyuma.

"Dada, hapo umeshagonga ukuta," sauti ilisema nyuma yake.

Rehemah hakugeuka. "Wewe nani amekuita?"

"Trela ndiyo imeniita. Inalia."

Akageuka. Aliona kijana mrefu aliyevaa koti la kijani linalong'aa, la madereva, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji, kama mtu aliyechungulia ndani ya gunia la unga.

"Ukitaka mkia uende kushoto, usukani peleka kulia," alisema. "Kidogo kidogo. Usiukamate kama unakamua nguo."

"Unajua sana. Gemu hii umeichezea wapi?"

"Mimi nacheza ile ya kweli." Akaonyesha yadi kwa kidevu. "Lile pale lenye turubai la bluu. Ukigonga ukuta kule hakuna kuanza upya."

Benedeta alikuwa akipita na sahani mikono yote miwili. "Badiru, huyo ni binti wa Hajji Abdunoor wa vitenge. Angalia macho yako yasianguke kwenye mchuzi wangu."

"Macho yangu yako kwenye trela, mama."

"Tangu lini trela inavaa dera?"

Rehemah alicheka mpaka akaufunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Akapeleka usukani kulia, kidogo kidogo, na trela ikaingia mahali pake kama mkono kwenye mfuko. Badiru alitikisa kichwa kwa heshima.

"Sasa umekuwa dereva. Nipe namba nikutafutie kazi."

Akampa. Hata yeye mwenyewe alijishangaa.

Ilikuwa mara tu baada ya Idd. Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Badiru alipakia saruji Tororo, akavuka mpaka Busia, akapakua Kenya, akarudi, na kila kituo kilikuwa na simu yake.

"Wewe mtu, uko wapi?"

"Niko foleni, mke wa kesho."

"Kesho ya lini?"

"Ya wazee wangu wakipata kanzu safi."

"Basi waambie sabuni iko dukani."

Foleni ya mpakani inaweza kumla dereva siku nzima, kwa hiyo Badiru alikuwa na laptopu yake ndogo chini ya kitanda cha kabini. Jioni kabla ya chakula walicheza pamoja kwa mtandao, yeye kwenye lori lake la uongo na Rehemah kwenye lake. Walifungua kampuni ndani ya gemu, na Rehemah akaiita Rehemah na Mwenzake.

"Mwenzake ana jina," Badiru alilalamika.

"Atalipata akistahili."

Kitu kimoja tu kiliwagombanisha. Badiru alitaka Rehemah aitoe Windows, mfumo unaoiendesha mashine yake, aweke mwingine uitwao Linux.

"Hiyo Windows yako ni ya zamani, marekebisho hayaji tena," alimwambia. "Ile mpya mashine yako haiwezi kuipokea. Tena uliyo nayo ni ya kuiba, aliyekuuzia aliifungua kwa programu za vichochoroni. Linux ni bure, hakuna cha kuiba. Gemu yetu inakubali humo."

"Na video zangu?"

"Programu za kuhariri zipo."

"Si ile niliyoizoea."

"Si ile. Utajifunza."

"Harusi haingoji mtu ajifunze, Badiru."

Hata hivyo alimletea flashi ndani ya kiberiti kitupu, akampa mezani kwa Benedeta bila kumgusa mkono. "Jaribu tu. Haitafuta kitu mpaka wewe mwenyewe ukubali." Rehemah alijaribu siku moja. Rangi zilikuwa nyingine, vitufe vilikaa pengine, akajiona kama mgeni aliyeingia jikoni kwa watu na hajui chumvi iko wapi. Akazima, akairudisha flashi kwenye kiberiti, na kiberiti akakitupa kwenye droo.

Wiki hiyo hiyo ndipo jambo lilipoanza.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Rehemah alikuwa chumbani kwake, kichwa wazi, akikata video ya harusi ya watu wa Masafu. Taa ndogo pembeni ya kamera iliwaka. Aliiona, akadhani ni mwanga wa dirisha. Kisha simu yake ikalia meseji, namba ya Kenya asiyoijua.

*Rehemah, unapendeza bila mtandio.*

Ikafuata picha. Aliifungua, akaona nywele zake mwenyewe, bega lake mwenyewe ndani ya kanga, akaifunga kabla macho hayajamaliza kuona. Meseji ya tatu ikaja.

*Kesho saa kama hii kaa mbele ya kamera ufanye nitakachosema. Ukikataa, Ijumaa kabla ya Magharibi Hajji atazipata zote.*

Alifunga mfuniko wa laptopu kwa kishindo. Akaifunika kwa mto, juu ya mto akaweka mkeka, kama vile kilichokuwa ndani kingeweza kutoka kikasimama. Akakaa sakafuni nyuma ya kitanda. Mama yake aliita kutoka uani kwamba mchele unaungua, naye akauacha uungue.

Mashine ile ililala naye chumba kimoja. Aliiacha wazi akivaa na akivua. Mbele yake aliimba, aliomba dua, na siku moja alilia machozi yote aliyokuwa nayo. Siku zote alidhani yuko peke yake.

Alipopata pumzi akaanza kufikiri, na kila alichofikiri kiliishia mahali pamoja. Namba ni ya Kenya. Badiru alivuka kwenda Kenya asubuhi ile. Nani alimng'ang'aniza abadilishe mashine? Nani alimpa flashi? Kabla ya flashi hakukuwa na neno, na baada ya flashi, hili.

Simu iliita wakati huo huo. Badiru.

"Asalaam aleikum, malkia wa breki."

"Flashi yako ina nini?"

"Ina Linux. Umejaribu tena?"

"Nauliza ina nini kingine."

"Rehemah, kuna nini?"

"Una laini ngapi za Kenya?"

"Mbili. Dereva gani wa huku ana laini moja?"

"Mbili," Rehemah alisema. "Haya. Usinipigie tena."

"Rehemah, niambie kosa langu basi."

"Unalijua. Kama unaniona, endelea kuniona."

Akakata, akaifunga namba yake isiingie tena. Kisha akalia, na alipolia alijifunika uso kwa kanga, hata hapo nyuma ya kitanda.

Siku zilizofuata Rehemah aliishi kama mtu aliyefungiwa chumba kimoja na nyoka, naye hajui yuko pembe gani. Hakukaa mbele ya kamera kama alivyoamriwa. Alibandika plasta ya kidonda juu yake. Lakini kazi ya Masafu ilikuwa inangoja, akalazimika kuifungua mashine, amejifunga mtandio mpaka kidevuni. Hakuwa amemaliza kukata hata wimbo mmoja, simu ikalia.

*Toa hiyo plasta.*

Aliizima, akakimbia, waya ukamkwaza, akaangukia magoti.

Aliipeleka mashine kwa fundi mmoja mjini, Ogwang, mtu mchangamfu mwenye kibanda kilichojaa laptopu zilizofumuliwa. Hakumweleza yote. Alisema ina virusi.

"Kazi ndogo," Ogwang alisema. "Nafuta, nakurudishia Windows ile ile ya bure, na ile programu yako ya video narudisha. Kesho unaendelea kama hakuna kilichotokea. Niachie tu, uniandikie na neno la siri."

Ndicho Rehemah alichotaka kusikia, mambo yarudi yalivyokuwa. Lakini aliinua macho akaona laptopu zote zile mezani, midomo wazi, na kila moja ina kitundu kidogo cha kamera kinachomtazama. Akaikumbatia ya kwake.

"Nitarudi," alisema, na hakurudi.

Alikuwa anamwogopa kila mwanaume. Mtu wa boda alimsalimia, akawaza, ni huyu? Binamu yake akamsifia dera, akaingia ndani akafunga mlango. Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Benedeta kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, akakaa kwenye kona yake ile ile na hakuagiza kitu.

"Umebaki shingo tu," Benedeta alisema. "Nani amekufa?"

Rehemah alimweleza kwa sauti ndogo, macho mezani. Benedeta alisikiliza akifuta meza moja hiyo hiyo mpaka ikakauka.

"Nionyeshe hiyo picha."

"Siwezi kuiangalia."

"Wewe usiiangalie. Nitaangalia mimi. Nywele za mwanamke si kitu kigeni kwangu, ninazo."

Rehemah aliisukuma simu, akageuza uso ukutani. Benedeta aliikazia macho muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Hii hina ni ya lini?"

"Hina gani?"

"Iliyo mikononi kwako. Imepanda mpaka kwenye kiwiko. Rehemah, hii si ile ya harusi ya dada yako Sharifah? Ile yenye maua makubwa? Mimi pia nilichorwa siku hiyo, mume wangu akaniuliza kama nimebadili dini."

Rehemah akageuka. Akaichukua simu, na kwa mara ya kwanza akaitazama picha yote, tangu juu mpaka chini. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari ya harusi. Mikono yake miwili ilikuwa imejaa maua mekundu, yamekolea, hina ya juzi tu. Tangu harusi ya Sharifah hakuwahi kuchora tena.

"Harusi ilikuwa Desemba," Benedeta alisema. "Na yule wa saruji ulimjua lini?"

"Baada ya Idd. Hapa hapa."

"Wakati huo hina yako ilikuwa imetoka mpaka kwenye kucha."

Hofu haikuondoka, ilibadilika sura tu. Kama si Badiru, basi ni mtu asiyemjua kabisa, mtu aliyeingia pamoja na mashine tangu siku ya kununuliwa na aliyekuwa humo harusi nzima. Na yule mmoja aliyemwambia abadilishe, Rehemah alikuwa amemfukuza. Yote hayo kwa sababu aliogopa kuitazama picha yake mwenyewe.

Aliifungua namba ya Badiru akapiga. Haikupatikana.

"Alipita jana kurudi Tororo kupakia," Benedeta alisema. "Alikula hapa. Posho hakuimaliza, na yule si mtu wa kuacha posho."

Jua lilikuwa limepita utosini Rehemah alipofika Tororo. Jiwe kubwa lilisimama juu ya mji kama kawaida yake, na chini yake, katika uwanja wa vumbi jeupe, malori yalijipanga yakisubiri zamu ya kupakia saruji. Alivaa baibui jeusi na mtandio wa bluu, na laptopu ilikuwa begani ndani ya mkoba, imeviringishwa kanga mara mbili, na kando yake kile kiberiti cha droo.

Badiru alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alimwona akija, hakusimama.

"Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Hujaniambia kosa langu, sasa unaombaje msamaha?"

Akamwambia. Alimwambia yote, meseji, picha, plasta, hina, na mwisho akalisema na lile gumu zaidi.

"Nilidhani ni wewe."

Kitambaa kilisimama mikononi mwa Badiru. "Mimi. Niliyekuwekea kiberiti mezani nisikuguse hata kidole."

"Nilikuwa naogopa. Nilimdhania hata mwadhini."

"Mwadhini yule haoni hata ngazi."

"Nilimdhania."

Badiru aliangalia pembeni, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo, bila kupenda. "Umeniumiza, Rehemah. Nimeendesha kutoka Kenya sijui nimepitaje kona."

"Najua."

"Hujui. Lakini kaa."

Aliketi kwenye tairi jingine. Vumbi lilimkaa kwenye baibui naye hakulipangusa.

"Niwekee hiyo Linux," alisema. "Leo. Sasa hivi."

"Sikuwekei."

Rehemah aliuvuta mkoba kifuani.

"Nikikuwekea mimi, siku moja utakaa peke yako uanze kujiuliza nimeacha nini humo," Badiru alisema. "Utaweka mwenyewe. Mimi nitasimama chini nikuambie kwa mdomo. Mkono wangu hautaigusa."

Rehemah alipanda kabini peke yake. Ndani mlinuka dizeli, machungwa na sabuni. Aliiunganisha laptopu kwenye umeme wa lori, na Badiru akasimama ardhini kando ya mlango uliofunguliwa, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Video za wateja na picha zilikuwa tayari kwenye diski ya nje. Programu hakubeba hata moja, ndivyo Badiru alivyomwelekeza. Akatoa kiberiti, akatoa flashi, akaichomeka. Ilikubali kuingia mara ya tatu.

Maswali yalikuja moja moja, lugha gani, saa za wapi, jina lake nani. Kisha likaja lile. Je, afute diski yote?

Mkono wake ulisimama hewani.

"Nikishindwa je?" aliuliza. "Bado sijamaliza ya Masafu. Programu mpya siijui."

"Siku ya kwanza utashindwa. Ya pili utanitukana. Baadaye utazoea."

"Ogwang alisema atanirudishia ya zamani, kila kitu mahali pake."

"Anaweza. Na ufunguo wa kuiba atakaoutumia sijui anautoa wapi, wala yeye hajui. Lakini mashine ni yako. Ukitaka kwa Ogwang, nakupeleka."

"Na kampuni yetu? Malori yetu yote?"

"Tutaanza na lori moja. Mimi nilianza na baiskeli."

"Na kama huyo mtu atabaki humo humo?"

"Sitakudanganya. Mimi ni dereva, sijui kila kitu. Ninachojua, hapo unaibomoa nyumba mpaka msingi. Plasta usiitoe."

Rehemah alitazama kitundu kilichofunikwa. Akawaza vile vitufe alivyovijua gizani, programu aliyoizoea kama sufuria zake, faili zilizokaa mahali pake. Vyote vilikuwa vyake, na katikati yake alikaa mtu. Akasema bismillahi, akabonyeza.

Mstari mwembamba ulianza kutambaa kwenye skrini. Wote wawili waliutazama kama watu wanaotazama mgonjwa akipumua. Ulipofika katikati, simu ya Rehemah ililia.

*Umezima. Nilikuonya. Leo ni Ijumaa.*

Alimnyooshea Badiru simu kutoka juu. Badiru aliisoma.

"Mashine tumeifuta," alisema. "Lakini picha anazo kwake. Simu ya mzee wako hatuwezi kuifuta."

Hilo Rehemah alilijua tangu mwanzo, ila hakuwa amelisema. Mbele ya hilo, Windows na Linux vilikuwa mchezo. Alimwona baba yake nyuma ya meza yake ya kukatia vitenge, mtu anayesalimiwa na barabara nzima, akiokota simu.

"Basi nimfikie mimi kwanza," alisema, na mstari ulipoisha akaichomoa laptopu.

"Twende."

"Na zamu yako ya kupakia?"

Badiru alitazama foleni. Malori mawili tu yalikuwa mbele yake. Akapiga mluzi, dereva mwenzake Eriku akatoa kichwa dirishani.

"Eriku, pita mbele yangu. Chunga lori."

"Umekaa tangu jana unaacha zamu? Una wazimu?"

"Ninao."

Walifika Busia kwa matatu jua likielekea mapaa. Duka la Hajji Abdunoor lilikuwa wazi, vitenge vimening'inia rangi zote. Badiru hakuvuka barabara. Kwao na kwa kina Rehemah, mwanaume hajipeleki mbele ya baba wa binti anayemtaka bila wazee wake. Alibaki ng'ambo, kando ya kreti za soda.

Rehemah aliingia. Hajji alikuwa akikunja kitambaa, miwani kwenye ncha ya pua.

"Baba, nina neno."

"Liseme."

"Kuna mtu ameingia kwenye kompyuta yangu. Ameniibia picha, nikiwa chumbani, kichwa wazi. Anataka nifanye mambo mabaya mbele ya kamera, nimekataa. Amesema atakutumia wewe picha zote kabla ya Magharibi."

Mikono ya Hajji iliacha kukunja. Hakuinua macho.

"Imeanza lini?"

"Wiki hii."

"Na mimi najua leo."

"Niliogopa, baba."

"Uliniogopa mimi kuliko yeye."

Ilikuwa kweli. Walisimama hivyo, meza katikati yao. Mteja alichungulia mlangoni akaona nyuso zao, akaondoka. Ndipo simu ya Hajji ikalia juu ya jora la kitenge.

Hajji aliiokota. Rehemah aliona kidole gumba chake kikinyooka juu ya kioo, kikabaki hapo. Alitamani sakafu ipasuke.

"Namba ya Kenya," Hajji alisema. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

Hajji aliinyoosha simu kwake bila kuifungua picha. "Nakili namba yake, ukishamaliza uifute picha. Chumba chako nabisha hodi kabla ya kuingia, sitaingia leo kwa kupitia simu. Kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda polisi."

"Na akiwatumia watu wengine?"

"Wakija dukani kuniambia, nitawauliza wanataka kitenge mita ngapi."

Sauti yake haikuwa imara aliposema hivyo, na Rehemah aliisikia. Alifuta akilia, machozi yakidondoka kwenye kioo. Hajji alivua miwani akaifuta kwa kanzu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Yule aliyesimama kwenye kreti za soda," alisema baadaye, "anayetoka jasho kama amebeba duka langu. Ni nani?"

"Anaitwa Badiru. Ni dereva. Ndiye aliyeniambia muda mrefu niibadilishe mashine. Mimi nikambishia."

"Ana wazee?"

"Wako Tororo."

"Basi mwambie asisimame barabarani kama muuza miwani. Mtu mwenye haja na nyumba yangu huleta wazee."

Rehemah alivuka barabara, mtandio wa bluu una vumbi la saruji, macho yake mekundu. Badiru alinyooka.

"Amesema nini?"

"Amesema unaharibu biashara ya soda."

"Rehemah, niambie. Nusu ya roho imeshatoka."

"Amesema lete wazee."

Badiru alikaa ghafla juu ya kreti. Adhana ya Magharibi ikaanza, saa ile ile Rehemah aliyoiogopa wiki nzima, ikapita juu ya mabati ya Busia na malori yaliyopanga foleni, watu wakafunga maduka wakaenda kuswali.

Yule mtu bado hajajulikana. Polisi waliandika, namba ilikuwa imezimwa. Rehemah bado hushtuka meseji ikiingia, na mtandio siku hizi huuvua akiwa mbali na meza. Video ya Masafu ilichelewa, alimtukana Badiru siku ya pili kama alivyoahidiwa, na baadaye vidole vikaanza kujua njia. Plasta iko pale pale juu ya kamera, amebadilisha ya zamani kwa mpya.

Jioni moja kabla ya chakula aliifungua gemu tena. Lori lilikuwa moja tu, na skrini ikauliza jina la kampuni. Simu ilikuwa sikioni, Badiru akiwa foleni.

"Umeandika jina gani?"

"Rehemah na Mwenzake."

"Bado tu?"

"Wazee wako wanafika Jumapili," Rehemah alisema. "Wakishakunywa chai, nitalifuta niandike upya."